Adhana, komeo na koroboi

Kifungua mimba wangu yuko darasa la kipaimara. Jumapili walipewa kazi ya nyumbani: muulize mzazi wako ni nani aliyemfundisha kusali. Akanijia jikoni na daftari, kalamu mkononi, anataka jina. Nilijua mwalimu anatarajia nini: nyanya, katekista, mchungaji. Nikamwambia aniache kwanza nigeuze viazi karai, kwa sababu jina lililonijia ni la Ma'mkubwa, na Ma'mkubwa hakuwahi kuingia kanisani hata kwa arusi.

Mnaoikumbuka ile nyumba ya Kisauni, Mombasa, nilikopanga chumba kabla sijaolewa, mwaijua. Ukumbi mmoja mrefu, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ua nyuma, choo kimoja na foleni yake. Mlango wangu na wa Ma'mkubwa ilitazamana. Yeye mjane, muuza mbaazi na mahamri. Mimi msichana wa kazi ya duka, nimeokoka juzijuzi, na bidii ile ya waliookoka juzijuzi ambayo jamaa zao huivumilia tu.

Kanisani tulikuwa tumepewa karatasi ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka. Ina sura 1,189. Ukisoma tatu kila siku na tano Jumapili, unamaliza na akiba kidogo inabaki. Kiongozi wetu wa darasa la uanafunzi alisema Mkristo hukua kwa mambo manne: Neno, maombi, ushirika na kushuhudia, na kwamba yote yaanze alfajiri, kabla dunia haijakuita. Mwanzo nikamaliza, Kutoka nikamaliza. Walawi ndiko tunakokwama wengi; muulize yeyote aliyewahi kushika karatasi kama ile.

Kuamka ndiko kulikokuwa na kazi. Saa ya mezani sina, simu yazima chaji usiku. Nilichokuwa nacho ni msikiti uliokuwa nyuma yetu. Adhana ya alfajiri ina maneno ambayo adhana nyingine hazina, kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Ma'mkubwa ndiye aliyenifasiria, siku moja tukichambua mbaazi, wala hakuwa ananihubiria, nilimuuliza, akanijibu. Tangu hapo nikawa nayasikia kana kwamba nimetajwa mimi. Mwadhini akifika pale, nami nimeshaweka miguu chini. Navuta komeo, naupiga mlango teke kwa sababu mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu wa bahari, nakwenda uani kunawa uso, narudi na Biblia yangu.

Wenzangu wa ushirika walikuwa wakiilalamikia spika ile. Mimi nikinyamaza. Najua, tuna kengele yetu upande huu, ile ya Frere Town, kwenye makazi ya waliokombolewa utumwani yaliyoanzishwa na wamishonari 1875. Wanasema ilikuwa ikipigwa kutahadharisha watu majahazi ya wafanya biashara ya watumwa yakionekana. Siku hizi mahali penyewe paitwa Kengeleni, na wapigao kelele pale ni makanga wa matatu. Haikuwa ikiniamsha mimi.

Basi ikafika masika, mwezi wa tano. Umeme ulikatika tangu jioni. Mvua ilinyesha usiku kucha, na nyumba ile ilikuwa ya mabati, mwajua mwenyewe: mtu akikuita kutoka kitanda cha pili humsikii. Kama mwadhini aliadhini kwa koo lake, mvua iliimeza sauti yote. Mimi nimelala fofofo.

Nikashtuka mlango unagongwa. Si kugongwa kwa adabu.

"Mwanangu! U mzima?"

Nikavuta komeo, nikapiga teke. Ma'mkubwa amesimama ukumbini, koroboi mkononi, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, maji yanamtiririka kwenye bega.

"Mzima, Ma'mkubwa. Kuna nini?"

"Mbona leo hukuvuta komeo?"

"Sikusikia adhana."

Akanitazama kama nimesema jambo la kipumbavu. "Adhana? Mimi miaka mingapi siisikii adhana! Masikio haya yamekwenda. Mimi naamkia teke lako."

Nilisimama pale, sina la kusema. Asubuhi zote zile nilizodhani nimejificha na Mungu wangu, kumbe kuna mtu nyuma ya mlango wa pili anangoja nianze ili naye aanze. Siku hiyo aliamshwa na paa tu, lilikuwa likimvujia juu ya kitanda.

Mshumaa wangu ulikuwa umekwisha. Yeye mafuta ya taa yalikuwa kidogo. Hakuuliza. Aliiweka koroboi sakafuni, katikati ya ukumbi, mlango wake wazi na wangu wazi, akasema, "Wewe soma, mimi nisali, upesi, mafuta haya si ya kuchezea." Akaenda uani kutia udhu, nikasikia kata ikigonga ndoo. Akarudi, akatandika mswala wake.

Sasa, Yesu katika Mathayo sura ya 6 anasema ukisali ingia chumba cha ndani, ufunge mlango. Mstari huo nilikuwa nimeuhifadhi kwa moyo, ndio uliokuwa ukiniamsha baada ya mwadhini. Nikaufikiria. Nikautazama mlango. Nikiufunga, sioni hata herufi. Nikaacha wazi, nikakaa kizingitini, nikainamia Biblia. Maji yanadondoka ndani ya sufuria chumbani mwake, mvua juu, na sauti yake ya chini ikienda na kurudi. Sikuwahi kumwona mtu akisali kwa karibu hivyo bila yeye kujali kuonwa. Kwetu kanisani tulisali kwa kishindo, na nilikuwa nimeanza kupima moto wa mtu kwa sauti yake. Alipomaliza akageuza uso kulia kutoa salamu, kisha kushoto, na kushoto ndiko nilikokuwa. Tukatazamana. Salamu ikanikuta nimeinua macho.

"Leo wasoma nini?"

Ningependa kuwaambia kwamba ilikuwa Zaburi. Ilikuwa Walawi 14, pale panapoeleza nyumba iliyoingiwa na pigo kwenye kuta, alama za kijani au nyekundu. Nikamsomea. Kuhani aitwe. Kabla hajaingia, vyombo vyote vitolewe nje. Nyumba ifungwe siku saba. Alama zikienea, mawe yang'olewe yakatupwe nje ya mji, na zikirudi tena, nyumba ibomolewe.

Ma'mkubwa akainua koroboi, akaisogeza ukutani kwake. Kuvu la kijani lilikuwa limepanda kutoka sakafuni hadi kiunoni.

"Na hizo siku saba," akauliza, "kodi yalipwa?"

Nikarudia kutafuta. Andiko halisemi. Tukacheka hadi wa chumba cha mwisho akagonga ukuta.

Mengine yalikwenda upesi. Mwenye nyumba hakuziba paa. Mwaka uliofuata nikaolewa nikahama, na sasa hapa Bamburi madirisha ni ya vioo, simu ina kengele ya saa kumi na moja, na mara nyingi naizima kwa kidole gumba nikiwa bado ndotoni. Karatasi ya mwaka nimeichukua tena mara kadhaa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini mwenye kukuza ni Mungu. Naukubali mstari huo. Ila najiuliza kama kipindi kile nilikuwa nakua kweli, au nilikuwa nimebebwa na mtaa mzima, mwadhini huku na Ma'mkubwa kule, na nilipotoka nikadhani ile bidii ni yangu.

Wiki ile ile ya mvua nilisimulia kisa hiki darasani, nikidhani ni ushuhuda mzuri. Kiongozi alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: je, nilimshuhudia yule mama?

Nikasema nilimsomea Neno.

Uso wake ukachangamka. Sura ipi?

Nikamwambia.

"Akasemaje?"

"Aliuliza habari za kodi."