Kada kindakindaki ni nani?

Jumapili iliyopita, kwenye kijiwe cha kahawa karibu na Mnara wa Azimio hapa Arusha, mzee mmoja alimwita kijana "mamluki" kwa sababu tu aliuliza ada za wanachama wa tawi zimekwenda wapi. Kijana alitoa kadi yake ya chama, iliyokwisha kuchakaa pembeni, akaiweka mezani kando ya kikombe. Hakuna aliyeitazama.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwapa wana TANU, chama kilichozaa CCM ya leo, kipimo ambacho mtu angeweza kukikagua: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asiwe na nyumba ya kupangisha. Kilikuwa kipimo kikali, na wapo waliohisi kinawaonea, lakini angalau kilihusu mali na matendo. Masharti hayo yalipolegezwa na CCM kwenye kikao cha Zanzibar mwaka 1991, yaliyobaki, kwa maoni yangu, ni majina matupu: kindakindaki, msaliti, wa kuja.

Na majina hayo hugeuka upesi. Edward Lowassa, aliyekuwa mbunge wa Monduli, alihama CCM mwaka 2015 akagombea urais kupitia chama cha upinzani cha CHADEMA, kisha akarejea mwaka 2019. Hapo kijiweni, wale wale waliomwita msaliti (na yule mzee akiwamo) ndio waliowahi kusema kwamba mwenzetu amerudi nyumbani.

Kuhusu ada, mpaka naondoka, mzee alikuwa bado anazungumzia uzalendo.