Hiyo nyama gani?

Septemba 10, 2024, kwenye mdahalo na Kamala Harris, Trump alisema Wahaiti wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa watu. Mimi nafanya kazi ghalani Dayton, si mbali na hapo kwa gari. Kesho yake mzee mmoja wa zamu yetu, mpole kabisa, akachungulia bakuli langu la ugali na mchuzi.

“Hiyo nyama gani?”

Nikamwambia mbuzi. Akauliza nimemnunua wapi. Hakuwa anatania. Jamani, mimi Mkongo, Haiti hata sijawahi kufika!

Polisi wa Springfield walisema hawana taarifa yoyote ya kuaminika kuhusu jambo hilo. Gavana wa Ohio, DeWine, wa chama hicho hicho cha Trump, Republican, naye akakanusha. Wapi! Vitisho vya mabomu vikamiminika, zaidi ya 30, vyote vya uongo, lakini baadhi ya shule zikafungwa na watoto wakarudishwa makwao. Nikamtajia yule mzee maneno ya gavana. Akatabasamu, kama ananionea huruma mimi: “Huyo naye wameshamnunua.”

Mtu akifika hapo unambishia nini? Kila anayekanusha anahesabiwa kwenye njama. Nikala zangu.