Pointi ya Kumi na Tano

Jana jioni nilikuwa natazama voliboli na mwanangu, mwamuzi akainua kadi ya kijani. "Mama, hiyo ni ya kosa gani?" Nikamwambia si ya kosa. Mchezaji amekiri mwenyewe kwamba mpira ulimgusa, kabla picha za video hazijarudiwa, ndiyo maana anaheshimiwa kwa kadi hiyo. Ligi ya Mataifa ya Voliboli ilianza kuitumia mwaka 2023. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wakishindwa kwa sababu amesema?"

Swali hilo nimeishi nalo tangu kabla hajazaliwa.

Ilikuwa fainali ya vijana wa makanisa. Seti nne za kwanza sina haja ya kuzisimulia. Tulishinda mbili, wakashinda mbili. Seti ya tano huchezwa hadi pointi 15, na mshindi lazima amzidi mwenzake kwa mbili. Sisi tulikuwa na 14, wao 13. Pointi moja tu, kombe letu.

Nilisimama katikati ya wavu, nahodha wetu kulia kwangu. Mpira ukapangwa kwa mpigaji wao wa pembeni, yule aliyetusumbua mchana kutwa. Tukaruka pamoja kumzuia, bega kwa bega, mikono minne juu ya wavu. Akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukapita juu, upande wa nahodha, ukaenda kutua mbali nyuma ya mstari wetu. Mimi mikononi sikuhisi kitu. Nilipotua nikageuka kumtazama mshika kibendera: kibendera kilikuwa juu, mpira umetoka. Mwamuzi akapiga filimbi, akanyosha mkono upande wetu, kisha akainua mikono yote miwili, viganja vikimwelekea yeye mwenyewe. Nje. Wenzetu wa benchi walikuwa wameshaingia uwanjani wakipiga vigelegele.

Wazuiaji wana mazoea ya kutazamana wakishatua. Nikamtazama. Alikuwa anaangalia vidole vya mkono wake wa kulia. Kisha akauinua mkono ule juu kabisa, na kwa kiganja cha mkono wa pili akafuta ncha za vidole, mara moja, halafu tena. Kila mchezaji wa voliboli anaijua ishara hiyo. Ni ya mwamuzi, na maana yake ni kwamba mpira umeguswa na mzuiaji kabla ya kutoka, kwa hiyo pointi si yetu. Yeye aliifanya huku amemkabili mwamuzi, shingo imenyooka, kelele za ushindi zikiwa bado zinatuzunguka. Mmoja wetu alikuwa ameshamkumbatia kiunoni na hajui kinachoendelea. Mwamuzi akainama kutoka kwenye jukwaa lake. "Umegusa?" Katika mchezo huu ni nahodha peke yake anayeruhusiwa kuzungumza na mwamuzi, na nahodha alikuwa yeye. "Ndiyo, nimegusa." Nakumbuka jinsi kelele zilivyokatika, kwanza upande wao, halafu upande wetu, halafu kwa watazamaji, mmoja akimuuliza mwenzake kumetokea nini. Mwamuzi akamtazama mshika kibendera, akamtazama tena nahodha, akabadilisha uamuzi. 14 kwa 14.

Pointi mbili zilizofuata zilikuwa zao.

Tulipokwenda kubadilisha nguo, mwenzetu mmoja, mchezaji hodari kuliko mimi na mwombaji kuliko wengi wetu, alisema jambo ambalo wengine walikuwa wamelimeza. "Dada, ungetoa kilicho chako. Ile pointi ilikuwa ya timu nzima." Akaongeza kwamba kanuni zinatutaka tupokee uamuzi wa mwamuzi kwa adabu, na mwamuzi alikuwa ameshaamua; anayekubali uamuzi hajasema uongo. Nahodha alikaa chini akifungua kamba za viatu. Akajibu, "Nawaomba radhi kwa uchungu mnaousikia. Lakini nilijua." Basi. Hakumnukulia mtu aya, wala hakutuhubiria. Kocha alipoomba mtu mmoja afunge kwa sala, aliyejitokeza ni yule yule aliyekuwa na hasira. Sauti ilimkwama, lakini aliomba. Alimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia.

Mimi naamini nahodha alifanya sawa. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna Wakristo wenzangu wanaodhani uwanja una amri zake na Jumapili ina zake. Mchezo wenyewe ulizaliwa mikononi mwa watu wa imani: William Morgan aliubuni mwaka 1895 huko Holyoke, Massachusetts, akiwa mkufunzi wa mazoezi wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Alitaka mchezo usio na kugongana, ambao hata watu wa makamo wangeucheza. Kwa hiyo akaweka wavu katikati. Huwezi kumsukuma mpinzani wala kumkwatua. Kinachobaki ni mpira, na kile ambacho vidole vyako vinakijua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Paulo naye alipowaandikia Wakorintho kuhusu wanamichezo, alikuwa anazungumza na majirani wa michezo ya Isthmia, ambako mshindi alivikwa taji la majani. Anasema kila anayeshindana hujizuia katika yote. Zamani niliusoma mstari huo nikidhani unahusu chakula, usingizi na mazoezi. Tangu ile fainali nausoma nikiona pia ulimi, na uso, na ile nusu dakika ambayo mtu anaweza kukaa kimya na akapata faida.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza nahodha alikuwa anawaza nini wakati ule. Nilitarajia aniambie alisikia sauti, au alikumbuka Zaburi ya 15 inayomsifu mtu asiyebadili neno lake hata likimletea hasara. Akaniambia hakuwaza. "Mkono ulishakwenda." Nikakumbuka mazoezi yetu. Tulifanya mazoezi bila mwamuzi, kila mtu akijihukumu mwenyewe, na yeye ndiye aliyekuwa akisema "nimegusa" hata tukiwa watatu kwa watatu, hata jua linazama na kila mmoja anataka kwenda nyumbani, hata pale ambapo pointi haikuwa na maana yoyote. Wakati mwingine ilituudhi, maana tulitaka tu mchezo uendelee. Ninavyoliona mimi, siku ya fainali alikuwa hana la kuamua. Alikuwa ameshaliamua jioni nyingi sana ambazo hakuna aliyekuwa akihesabu.

Na hapo ndipo mimi najitahidi. Kazini hakuna fainali. Kuna mteja aliyezidisha malipo, sifa niliyopewa kwa kazi ya mwenzangu, swali la "nani amelipokea hili?" ambalo likiachwa litapita. Najizoeza kwenye madogo hayo, na sijifichi kusema kwamba naomba kwa ajili yake asubuhi.

Lakini maneno ya yule mwenzetu hayajaniacha, na sioni kwa nini yaniache. Mfalme Daudi alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Ile ya nahodha ilimgharimu kweli, ila iligharimu na wengine ambao hawakuulizwa. Hivi karibuni niligundua mteja wetu mmoja amelipa ankara ile ile mara mbili. Fedha zilishaingia kwenye hesabu za mwezi, na kwa hesabu hizo kitengo chetu kilikuwa kimefikia lengo; zikirudishwa, lengo limekosekana kwa wote. Sikuenda moja kwa moja kwa mkuu wetu. Niliwaita wenzangu kwanza, nikawaonyesha karatasi, nikawaambia nakusudia kulisema na ningependa tulisemee pamoja. Wawili walikubali papo hapo. Wa tatu alitoka nje kwa muda, akarudi, akasema, "Haya, twende."

Tulikwenda, na fedha zikarudishwa. Safari hii waliobeba hasara waliulizwa kabla, na kwa hilo ninamshukuru zaidi yule aliyekasirika kuliko nahodha. Ila najua wangekataa ningekwenda peke yangu, na hapo yule mwenzetu aliyekasirika angekuwa na haki kamili ya kuniambia kile alichomwambia nahodha, na mimi ningekuwa sina jibu jingine zaidi ya lile: nilijua.