Benchi la Getini

Juzi asubuhi nilitoka msibani Magomeni nikaenda moja kwa moja shuleni kwa mwanangu kuchukua ripoti yake. Nyumbani sikupitia. Nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni, nyingine nimejitanda, miguuni ndala, kama tulivyokuwa wote pale mkekani tangu usiku. Askari wa getini alinitazama mara moja tu, akaninyooshea mkono kwenye benchi la pembeni.

"Dada, wasaidizi wanasubiri pale. Wanaoingia ni wazazi."

Nilikuwa nimekesha, sikuwa na nguvu za kubishana. Nikakaa.

Pembeni yangu alikuwepo binti wa miaka ishirini na kitu, kavaa sare ya drafti ya bluu yenye kola nyeupe. Mapajani alikuwa na sweta la mtoto. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena, mikono akiingiza kwa ndani, isionekane.

"Wako yuko la ngapi?" akaniuliza.

"La tatu."

"Wangu chekechea." Akanisogelea kidogo. "Mama yako mkali?"

Nilikaa kimya, kisha nikamjibu, "Sijui."

Mwalimu wa darasa ndiye aliyeniona akiwa anapita. "Mama, mbona uko huku?" Niliinuka upesi, sauti imepanda, nikaanza kuchanganya Kiingereza, mimi ambaye kwa mwalimu huyo siku zote naongea Kiswahili. Askari akaomba radhi mara tatu: hakujua. Yule binti akasogea mpaka ukingoni mwa benchi, akainamisha kichwa. "Shikamoo," akasema. Dakika moja kabla ya hapo tulikuwa tunapiga soga.

Nikaitikia marahaba, nikaingia ndani.

Kanga niliyokuwa nimejifunga ilikuwa ya bibi yangu wa Ng'ambo, Unguja. Pindo alizipiga mwenyewe kwa mkono. Jina lake limefifia, ila bado linasomeka: Mwenye kovu usidhani kapoa. Bibi alikuwa na sanduku zima la kanga, zimefukizwa udi, lakini kaniki, ile nguo ya pamba ya rangi nyeusi, hakuiruhusu ivuke kizingiti chake. Shangazi alinunua moja ya kwendea shamba, akaambiwa aiache nje, na ikalala nje. Bibi hakueleza kwa nini, na kwetu mambo hayo hayaelezwi.

Nimekuja kuelewa ukubwani. Unguja ya karne ya 19 mtumwa alijulikana kabla hajafungua kinywa. Mwanamke alijifunga kaniki au merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, chini ya makwapa, kichwa wazi, miguu pekupeku. Viatu na kilemba vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka humo waliachana na kaniki, wakanunua kanga kila walipopata vijisenti, wakajifunika kichwa. Uhuru wa kwenye karatasi jirani hauoni. Kanga mpya anaiona tangu kona ya mtaa. Na bado mji haukusahau. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, alitoka Fumba, akawa anauza vyungu, akafika kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, pwani nzima ikamjua, na waliomhusudu wakamtungia beti za kumkumbusha kwamba mjini aliingia na kaniki.

Kwa hiyo nguo ambayo wanawake hao waliinunua ili wasiitwe tena watumwa, leo kwenye geti la Dar es Salaam inatosha kuninyima umama wa mwanangu. Hilo limenichoma, na sitalificha. Ila siku mbili hizi kinachoninyima usingizi ni namna nilivyoinuka. Hakuna aliyenitukana. Nimeitwa msaidizi, kazi ya halali kabisa, ya mtu anayemlisha mwanangu na kumwogesha, nami nikaruka kama niliyemwagiwa maji ya moto.

Na nyumbani kwangu kuna sare. Nilimshonea dada wetu wa kazi mwaka jana, ya kijani, wala hakuniomba. Nilijiambia ni kwa ajili ya usafi, nguo zake zisichakae. Sasa najua niliishona baada ya mgeni mmoja kumdhania ni mdogo wangu.

Jana jioni nilimwomba akae, nikamwambia anaweza kuiacha. Alifikiri kwanza, huku akichambua mchele.

"Dada, sare ina faida yake," akasema. "Nikiwa nayo sokoni wanajua nimetumwa, vijana hawanishiki mkono. Ila Jumapili nikibaki nyumbani nataka nivae zangu, hata kama kuna wageni. Na shuleni pia."

Nikamwambia sawa. Nilitaka kumwomba msamaha, maneno yakakwama, nikachukua ungo mwingine tukachambua pamoja mpaka giza likaingia.

Leo mchana alikwenda kumchukua mtoto akiwa na dera lake la manjano, lile alilolinunua kwa mshahara wa kwanza, na mtandio wake. Waliporudi nilimuuliza alisubiria wapi.

"Palepale, dada," akasema, anamvua mtoto viatu. "Kwenye benchi."