Viungo vya pilau London: ubora na bei nafuu vinakaa duka moja

Wengi wetu tukifika Uingereza hununua viungo supamaketi, kwenye vichupa vidogo vya kioo. Vinapendeza rafuni, na kwa kuwa bei yake imechangamka, mtu huamini kwamba amenunua kilicho bora. Mara nyingi ni kinyume. Kichupa kina gramu 40 hivi za bizari nyembamba iliyokwisha kusagwa, na bizari huanza kupoteza harufu tangu siku inaposagwa. Ikishapita kiwandani, ghalani, rafuni na kabatini kwako, kinachobaki ni rangi. Mpishi anaongeza kijiko, halafu kingine, na pilau inageuka chungu bila kunukia.

Viungo vizuri viko pale vinapotoka haraka. Duka ambalo familia za Kigujarati, Kibangali, Kipakistani na Kisomali hununua kila wiki haliwezi kukaa na mzigo mmoja mwaka mzima. Na wateja wake ni watu wanaojua viungo na wanaojua bei, kwa hiyo mwenye duka akipandisha bila sababu, au akiuza kilicholala, wanahamia duka la pili. Hapo ndipo ubora na unafuu vinapokutana, na ndiyo maana nawasihi wageni wote: panda treni, nenda huko.

Sisi tunaokaa mashariki ya London tuna Green Street. Unashuka kituo cha Upton Park, na Queen's Market iko hatua chache tu kutoka hapo. Ukimaliza viungo unapata na bamia, mihogo na samaki. Brick Lane kuna Taj Stores, duka la Wabangali lililoanza mwaka 1936. Anayefanya kazi katikati ya jiji ana Drummond Street, nyuma ya kituo cha Euston, anaweza kupita jioni akirudi nyumbani. Kusini kuna Tooting, magharibi kuna Southall.

Lakini mimi nina mapenzi ya pekee na Ealing Road, Wembley. Waasia wengi wa maeneo hayo walitoka kwetu: Nairobi, Mombasa, Kampala, Dar es Salaam. Wengine waliondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, wengine walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wakapewa siku 90 kuondoka. Walikuja na mapishi yao, na mapishi hayo yalikuwa na Afrika ya Mashariki ndani yake. Hadi leo mihogo ya kukaanga iko kwenye orodha za migahawa yao kwa jina la mogo. Ukimsalimia mzee nyuma ya kaunta kwa Kiswahili, usishangae akikujibu, tena Kiswahili kilichonyooka. Mtu huyo ukimwambia unataka viungo vya pilau, huna haja ya kumweleza pilau ni nini. Wanaoishi Leicester wanalijua hili vizuri, maana Belgrave Road yao ina historia hiyohiyo. Halmashauri ya mji ule ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus mwaka 1972 kuwaomba Waasia wa Uganda wasihamie huko, nao wakahamia, na leo mtaa huo ndio sifa ya mji.

Ukiwa dukani, angalia kibandiko cha bei kwenye rafu. Chini ya bei kubwa, hasa kwenye maduka makubwa, kuna maandishi madogo yanayoonyesha bei kwa gramu 100 au kwa kilo. Linganisha hiyo, si bei ya pakiti. Bizari nzima kwenye mfuko wa gramu 400 inaweza kukugharimu, kwa kila gramu 100, nusu ya ile ya kichupa, na kwa vichupa vya majina makubwa tofauti ni zaidi ya hapo. Kama unaishi mji mdogo usio na duka la Kihindi, ingia supamaketi kubwa na uivuke rafu ya viungo. Tafuta rafu ya vyakula vya kimataifa. Humo mna mifuko ya TRS, Natco, East End au Rajah, bidhaa zilezile za Green Street, ndani ya supamaketi ileile inayouza vichupa. Kwenye mifuko hiyo bizari nyembamba, ambayo wengine mwaiita uzile, imeandikwa jeera; iliki ni elaichi, giligilani ni dhania, uwatu ni methi, manjano ni haldi.

Nunua vizima, usage mwenyewe. Kimashine kidogo cha kusagia kahawa kinatosha, na mwenye kinu na mchi ana bahati. Bizari ipashe kwanza kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka jirani aanze kuuliza unapika nini.

Iliki ndiyo inayomaliza pesa, kwa hiyo ikague. Maganda yawe ya kijani na yamefumba. Yaliyopauka na kupasuka yamekwisha toa harufu yake hewani. Ukipasua moja, mbegu ziwe nyeusi, zenye unyevunyevu wa kunata. Usinunue mbegu zilizokwisha menywa hata zikiwa rahisi. Karafuu ibonyeze kwa ukucha: nzuri huacha mafuta kidoleni, mbovu hukatika kavu kama kijiti. Pilipili manga iwe nzito mkononi. Kungumanga nunua nzima ukwangue unapohitaji. Moja inakaa muda mrefu sana.

Mdalasini unataka uangalifu. Ule mnene, mgumu, wa gome moja lililojikunja, ndio ulio mwingi madukani, na huitwa kasia (cassia kwa Kiingereza). Kwa pilau na nyama unafaa kabisa, una nguvu. Ule wa Sri Lanka, ambao ndio jamaa ya mdalasini wetu wa Unguja, ni mwembamba, una tabaka nyingi kama karatasi na unavunjika kwa vidole. Wa chai na uji ni huo. Kasia ina kumarini nyingi, kitu kinachoweza kudhuru ini kikizidi, kwa hiyo anayekunywa chai ya mdalasini kila siku, na hasa anayewapa watoto, ni vyema alipe zaidi kidogo. Maduka ya Wasomali ni mazuri sana kwa iliki na mdalasini, kwa sababu chai yao haikamiliki bila hivyo viwili.

Manjano na pilipili ya unga ndivyo hasa ninavyosema usifuate urahisi. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye jina la aliyeipakia na namba ya toleo. Februari 2005 mamia ya vyakula viliondolewa madukani Uingereza baada ya Sudan 1, rangi isiyoruhusiwa katika chakula, kukutwa katika pilipili ya unga. Na Bangladesh, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha manjano yaliyotiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Serikali ya huko ikafanya msako. Manjano yanayong'aa kupita kiasi, yanayouzwa yakiwa wazi bila jina, yaache hapohapo.

Usidanganywe na mfuko wa kilo kama mko wawili nyumbani. Kilo ni ya kuchangia: kina mama watatu au wanne wa mtaa mmoja mnanunua pamoja, mnagawana, kila mtu anapata kipya cha mwaka huu. Weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, kabatini, mbali na jiko. Wengi huvipanga juu ya jiko kwa sababu ni karibu na mkono, na mvuke unavimaliza. Pia nenda mapema kabla ya Ramadhani. Wiki mbili kabla ya mfungo maduka ya Green Street yanajaza mzigo mpya na kushindana kwa bei, na mchele, tende na unga wa dengu navyo vinashuka. Ukingoja wiki ya Idi utakuta foleni hadi barabarani na iliki nzuri imekwisha.