Nilivyolinganisha jenomu za vimelea vya kifua kikuu

Mycobacterium tuberculosis, bakteria wa kifua kikuu, hubadilika polepole sana, wastani wa nusu herufi ya DNA kwa mwaka katika jenomu (DNA yake yote). Watafiti wengi huanza kushuku maambukizi ya karibuni wagonjwa wawili wakitofautiana kwa herufi 12 au pungufu. Kwa hiyo tofauti kumi za uongo zinatosha kuharibu jibu lote, na muda wangu mwingi uliishia kuziondoa hizo.

Mashine husoma DNA kwa vipande vifupi. Nilianza kwa kupitisha vipande vya kila sampuli kwenye Kraken2, programu inayotambua kila kipande ni cha kiumbe gani, nikaondoa vya wageni. Vimelea vikioteshwa kutoka kwenye makohozi, bakteria wengine hupenya, na vipande vya DNA yao hujibandika kwenye jeni zinazofanana kwa bakteria karibu wote, hasa jeni ya rrs. Hapo huzuka mabadiliko yasiyokuwepo. Vipande vilivyobaki nilivipanga kwa programu ya BWA-MEM juu ya jenomu ya rejea (ya kulinganishia), H37Rv, yenye herufi 4,411,532.

Kwenye bcftools, programu inayotambua herufi zilizobadilika, niliweka ploidy 1, yaani nakala moja ya jenomu. Ukisahau, programu hudhani kila seli ina nakala mbili za jenomu, kama ya binadamu. Herufi niliikubali iliposomwa angalau mara 10 na asilimia 90 ya vipande vikaafikiana. Pasipofikia hapo niliandika N, yaani haijulikani. Tafadhali usijaze herufi ya rejea mahali pasiposomwa! Sampuli mbili mbovu zitaonekana kama ndugu wa damu, na kosa hili halipigi kelele popote.

Jeni za PE na PPE, takriban asilimia 10 ya jenomu, nilizifunika zote, zisihesabiwe, kwa faili ya BED (orodha ya maeneo ya jenomu). Zimejaa marudio, na kipande cha herufi 150 hakiwezi kujua kinatoka kwenye nakala ipi. Inaniuma, maana huenda humo mna mabadiliko ya kweli, lakini bila mashine inayosoma vipande virefu sikuziamini.

Mti wa ukoo wa sampuli niliuchora kwa programu ya IQ-TREE. Ukiipa herufi zinazotofautiana peke yake, matawi hurefuka kupita kiasi; ongeza idadi ya zisizobadilika kwa chaguo la -fconst.

Mwisho nilitazama mapengo, sehemu zisizo na kipande hata kimoja ilhali maeneo jirani yamesomwa mara 60. Eneo la DNA liitwalo RD9 likikosekana, si M. tuberculosis halisi. Eneo la RD4 nalo likikosekana, ni M. bovis, kimelea cha ng'ombe, na hapo nilikagua jeni ya pncA: badiliko liitwalo H57D humfanya astahimili pirazinamidi, dawa iliyomo kwenye matibabu ya kawaida.