Jumamosi moja kwenye mstari wa mita kumi

Saa 10:50 alfajiri. Upepo umeniamsha kabla ya adhana. Dodoma ya mwezi wa saba wenyeji tunaijua: baridi inakata, vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na bati la jirani linagonga usiku kucha. Kabla sijatoa blanketi nasikiliza upepo unatokea wapi, maana banda letu la shabaha liko wazi upande wa mashariki. Ukivuma kutoka huko, karatasi zinapepea na watoto wanayumba.

Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha hisabati sekondari. Jumamosi nafundisha kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, nje kidogo ya Miyuji, watoto 12 wa miaka 11 hadi 17. Kila ninapomwambia mtu, ananitazama mara mbili: watoto, na bunduki? Ni swali la haki. Ndiyo maana nimeiandika Jumamosi iliyopita yote, giza hadi giza.

Saa 1:00 asubuhi. Sefu yetu ina kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao katibu wa klabu, na hakuna kati yetu anayeweza kuifungua peke yake. Bunduki ni sita. Tunazitoa moja moja. Mmoja anasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, mwingine anatia alama kwenye daftari. Kisha nafungua chemba, pale risasi inapokaa, natazama ndani, napitisha uzi wa plastiki wa rangi ya chungwa, ule mnene wa mashine ya kukatia majani, unaingia chemba na kutokea mdomo wa mtutu. Uzi ukionekana pande zote mbili, hata aliye mbali anajua ndani hamna kitu.

Nne ni za zamani, unaukunja mtutu kila risasi ili kukaza springi. Mbili ni za kisasa, zina mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, na hizo ndizo zinazonitoa jasho asubuhi, kwa sababu tunajaza kwa pampu ya mkono hadi shinikizo la baa 200. Mitungi ya namna hii imepigwa chapa ya tarehe, kwa kawaida miaka 10 tangu itengenezwe, na kwenye mashindano ya kimataifa mtungi uliopitwa na tarehe ni jukumu la mpigaji mwenyewe. Mwaka juzi tuliuziwa mtungi wa tatu na muuzaji mmoja aliyetuhakikishia kwamba ni mzima. Tarehe ilikuwa imekwanguliwa. Nilipokuja kuugusa mkwaruzo ule kwa kidole, nilikuwa nimeshaujaza mara mbili, mtoto amesimama kando yangu akinihesabia pampu. Fedha hatukurudishiwa, na inaniuma mpaka leo, lakini kinachoniuma zaidi ni ukaribu wa yule mtoto. Mtungi tuliutoa hewa tukaukata vipande viwili. Sasa nikijaza, hakuna anayesogea.

Saa 2:30. Wanaingia. Wengine wametembea, wengine wameshuka daladala kutoka Nkuhungu, wawili wamebanana kwenye boda na kaka yao. Shikamoo kocha, marahaba, shikamoo kocha, marahaba, mpaka wa 12.

Nusu saa ya kwanza hakuna bunduki. Kuna gogo la mninga lililochongwa na seremala wa Majengo kwa umbo la bunduki. Bunduki ya mashindano hairuhusiwi kuzidi kilo 5.5, gogo letu tulilipima kwenye mizani ya sokoni, likatoa kilo 4 na nusu. Mtoto anasimama ubavu kuelekea shabaha, miguu imeachana kiasi cha mabega, kiwiko cha kushoto kimetua juu ya mfupa wa nyonga. Mzigo ubebwe na mifupa, maana msuli unachoka haraka. Juu ya gogo naweka sarafu ya shilingi 200, nahesabu hadi 10. Ikianguka, anaiokota mwenyewe na kurudi.

Halafu pumzi. Vuta, toa, toa tena kidogo, tulia. Kuanzia hapo una sekunde nane hivi. Zikipita, mwili unadai hewa, jicho linaona ukungu, mkono unaanza kutetemeka, na kichwani kuna sauti inasema piga tu, ishakuwa karibu. Somo langu lote liko hapo. Mtoto ashushe bunduki, apumue, aanze upya. Kushusha hakuna alama. Hakuna anayekupigia makofi, na dakika zinakwenda. Lakini mpigaji mzuri asiyejua kushusha sijamwona bado. Kwa hiyo daftari la kila mtoto lina safu mbili: P kwa alizopiga, S kwa alizoshusha. Mimi naanza kusoma ya pili.

Saa 3:40. Mstari. Amri ziko tatu. "Pakia" na "Anza" ni za kocha peke yake. "Acha" ni ya kila mtu aliyemo bandani, awe mtoto, mzazi, au mama anayetuletea chakula. Ukiona jambo lolote haliko sawa, unapaza sauti, na hakuna atakayekuuliza kwa nini kabla bunduki zote hazijakaa chini. Kabla ya kuanza, kila mtoto anaizoea sauti yake: mmoja mmoja wanapiga kelele "Acha!" mpaka majirani wanatusikia.

Wanapiga sita, sita wanakaa nyuma na madaftari kuwaandikia wenzao. Wanaopiga wanapeana koti moja tulilonalo, turubai iliyoshonwa na fundi cherehani kwa mistari ya kubana kifua. Kanuni za kimataifa zinataka kitambaa kisizidi unene wa milimita 2.5, na fundi alipima kwa subira ya mtu anayeshona suti ya harusi.

Shabaha iko mita 10. Duara lote, kuanzia alama ya moja hadi ya kumi, lina upana wa milimita 45.5, linaenea kwenye kiganja cha mtoto. Kumi yenyewe ni nukta ya nusu milimita, alama ya ncha ya kalamu. Risasi ina upana wa milimita 4.5, yaani mara tisa ya nukta inayotafutwa. Kichwa chake ni bapa, kwa hiyo inatoboa karatasi tundu safi la duara kama mashine ya ofisini. Kwenye mashindano makubwa ni risasi 60 kwa saa 1 na dakika 15, kwa shabaha za elektroniki zinazosoma kwa desimali, mpaka 10.9 kwa risasi moja. Sisi tunapiga 30 kwa karatasi. Watoto 12 kwa risasi 30 ni 360, na kopo lina 500, kwa hiyo halimalizi Jumamosi mbili. Kila mtoto anapewa risasi 10 kwa mkupuo, ndani ya kizibo cha soda.

Saa 4:25. Upepo ulipita chini ya turubai ukakipeperusha kizibo cha mvulana wa kidato cha tatu, nafasi ya nne. Risasi saba zikamwagika mbele ya mstari. Akainama kuziokota. Mimi nilikuwa nafasi ya kwanza nikimrekebisha mwingine kiwiko, mgongo wangu umewaelekea.

"Acha!"

Ilikuwa sauti ya mdogo kuliko wote, wa darasa la tano, Jumamosi yake ya tatu, amekaa nyuma na daftari magotini. Bunduki zikashuka mezani papo hapo, mikono ikainuka, wote wakarudi hatua moja. Hakuna aliyegeuka kuuliza. Ukabaki upepo tu.

Yule mdogo midomo ilianza kumcheza. Alidhani amefanya utovu wa nidhamu, amewakatiza wakubwa. Nikaenda nikapiga goti mbele yake.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Mkono wa kaka umepita mstari."

"Umefanya sawasawa kabisa."

Mvulana akaja mwenyewe, bila kuambiwa, akampa mkono. "Asante, mdogo wangu." Kwenye kitabu cha matukio niliandika jina la mvulana, lakini juu yake niliandika langu: kocha aligeuza mgongo. Mtu mzima mmoja mstarini hatoshi. Wiki ijayo katibu atasimama ncha ya pili, ama hatupigi.

Saa 6:20 mchana. Langoni alikuwa amesimama mzee mrefu, kofia mkononi. Ni baba wa binti wa kidato cha kwanza, nafasi ya pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kumchukua mwanangu. Na nikueleze wazi, sidhani kama atarudi. Shangazi yake anasema huku anafundishwa kuua."

Sikubishana naye. Mzazi anayekuja mwenyewe mpaka langoni anastahili kiti kwanza. Nikampa kiti, nikampa na daftari la binti yake. Alilisoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Hizi S ni nini?"

"Ni pale alipokuwa tayari kupiga, akaona haiko sawa, akashusha."

Alikaa kimya muda mrefu. Baadaye akaniambia kwao ni Kwamtoro, upande wa Chemba, Wasandawe, na kwamba babu yake alikuwa mtu wa upinde. "Babu anashinda porini kutwa, anarudi na mishale yote kwenye podo. Nyumbani hakuna anayemcheka. Anayechekwa ni yule aliyerudi na mishale pungufu na hana nyama." Nilikumbuka mwaka jana tulipowapeleka watoto Kolo, kwenye michoro ya miamba ya Kondoa iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wale wawindaji wa rangi nyekundu wamesimama vile vile mwambani miaka yote. Sikumwambia. Maneno yake yalikuwa yametosha.

Akauliza funguo anakaa nazo nani. Nikampeleka kwenye sefu, akavuta kufuli zote mbili kwa mkono wake. Akasema atakaa mpaka mwisho.

Saa 7:00. Kabla ya chakula, mikono. Jina lenyewe linasema: risasi zetu ni za madini ya risasi, na madini hayo ni sumu, kwa watoto zaidi. Mstarini hakuna anayekula hata karanga. Kila mmoja ananawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, mpaka chini ya kucha. Sakafu tunaipangusa kwa kitambaa chenye maji, hatufagii, kwa sababu ufagio unalirusha vumbi la risasi hewani. Baba yule alinawa pamoja nao ingawa hakuwa amegusa kitu.

Ugali wa uwele na mlenda. Wakati wa kula ndio wakati wa hadithi, na walidai ile wanayoipenda. Athens 2004, fainali ya bunduki ya mita 50, Matt Emmons wa Marekani anaongoza, amebakiza risasi moja. Akapiga vizuri, lakini kwenye shabaha ya jirani yake. Akapata sifuri, akaangukia nafasi ya nane. Watoto wanaguna kila mara kana kwamba safari hii itakuwa tofauti. Binti wa nafasi ya pili akaomba ile ya Paris 2024: Ban Hyojin wa Korea Kusini, miaka 16, alianza mchezo huu mwaka 2021, akafungana na Huang Yuting wa China kwa 251.8. Wakapigishwa risasi moja moja ya kuamua, Ban akashinda 10.4 kwa 10.3.

"Sehemu moja ya kumi tu?" akauliza baba yake.

"Moja tu, baba," binti akamjibu, bila kunisubiri mimi.

Saa 8:30. Mkupuo wa mwisho. Upepo ulikuwa umeongezeka na turubai inapiga nguzo. Nilisimama nyuma kabisa, nikiwaona wote. Binti aliinua, akatulia, akashusha. Akainua tena, akashusha. Upande wa kulia mwenzake alikuwa ameshamaliza kizibo chote. Mwezi wa nne binti huyu angeharakisha, ningesikia risasi tatu zikifuatana kama mtu anayekimbia mvua. Safari hii alingoja turubai litulie, akapiga moja. Akashusha. Nikamtazama baba yake: alikuwa amebana pumzi na yeye.

Muda ulipoisha nikasema "Acha". Akafungua chemba, akapitisha uzi, akarudi hatua moja. Kisha akaniletea kizibo kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na risasi mbili.

"Hizi sijapiga, kocha. Hazikuwa tayari."

Saa 10:30 jioni. Bunduki sita, namba sita, nyuzi sita, kufuli mbili. Baba na binti waliondoka kwa miguu kuelekea barabara ya lami, binti amenyoosha mkono wa kushoto hewani akimwonyesha kiwiko kinavyokaa kwenye nyonga. Hakuniambia kama atarudi. Sikumuuliza.

Saa 3:00 usiku. Bati la jirani limeanza tena. Natia hesabu ya risasi kwenye kitabu cha klabu. Zilizotolewa, 360. Zilizopigwa, 358. Zilizorudi kwenye kopo, 2.